Uvuvi wa kokani Blue Mesa, Colorado: tuongee kina, chambo, na huyu trauti anayewamaliza

Mshipi Mrefu

Wakuu, habari za jukwaa. Tangu nitupie ile picha ya kokani (samoni wa bwawani) kwenye uzi wa wavuvi wa ughaibuni, PM (ujumbe wa faragha) haijapumzika: wapi, lini, chambo gani, leseni inapatikanaje. Namwaga yote hapa ili tusome pamoja, na wanaolijua bwawa hili kuliko mimi waongeze.

Bwawa lenyewe ni Blue Mesa, jimbo la Colorado, Marekani, pembeni ya mji mdogo wa Gunnison. Mto Gunnison ulizibwa, ukuta ukakamilika 1966, bonde likajaa maji na vijiji kama Iola na Sapinero vikaishia chini. Likijaa, uso wa maji uko mita 2,292 juu ya usawa wa bahari, yaani ni baridi kuliko Njombe. Urefu wake ni kama kilomita 32, na lina matumbo matatu: Iola upande wa mashariki mto unakoingilia, Cebolla katikati, Sapinero magharibi karibu na ukuta. Kutoka Denver au Aurora ni saa nne hivi, na njiani unavuka Monarch Pass, zaidi ya mita 3,400. Mwenye kuburuza boti akague breki nyumbani, asingoje mteremko umkumbushe.

Samaki: kokani, trauti wa upinde wa mvua, trauti wa kahawia, trauti wa ziwa, na perchi wa njano. Katika hao watano hakuna hata mmoja aliyekuwa mwenyeji wa mto huu. Wote wameletwa na binadamu. Hilo lishikeni, tutalirudia chini.

Kokani ni yule yule samoni mwekundu wa Pasifiki, ila huyu haendi baharini, maisha yake yote ni maji baridi. Anaishi miaka mitatu au minne, anataga mara moja, anakufa. Kiangazi ni wa rangi ya fedha, magamba yanabanduka ukimgusa tu. Ikifika vuli anageuka mwekundu, dume anaota kibyongo na taya linajikunja kama ndoano.

Sasa kiini cha mambo. Kokani hali samaki wenzake. Anakula vijidudu vya majini, hasa dafnia, anachuja maji kwa matamvua. Kwa hiyo wewe na chambo chako hamumhusu kwa njaa. Anauma kwa ubishi: kitu cha rangi kali kimempita puani kinatikisika, anakigonga. Ndiyo maana huwezi kumngoja mahali pamoja na kipande cha nyama kwenye ndoano. Unamtafuta, tena unamtafuta kwa kina, maana anafuata maji ya nyuzi kama 10 hadi 13 za Selsiasi. Mwezi Juni maji hayo yako karibu na juu. Julai na Agosti jua limechoma uso wa bwawa, wanashuka mita 10, 15, hata 25. Na ndani ya siku moja wanahama: alfajiri wako juu kidogo, jua likipanda dafnia wanashuka na wao wanashuka nao. Mtu aliyepata wanne saa kumi na mbili asubuhi kwenye mita nane, saa tatu bado anavuta mita nane hiyo hiyo, halafu anasema samaki wameacha kula. Samaki wako chini ya miguu yake!

Vifaa nilivyo navyo. Ufito wa kuvulia, laini, wa kupinda mpaka kwenye mkono. Kwenye boti kuna winchi ndogo yenye waya, mwisho wa waya tufe la risasi la kilo nne hivi, na juu ya tufe kibanio kinachoshika mshipi. Unashusha tufe mpaka kina ulichokiona kwenye skrini ya sona (chombo kinachoonyesha samaki chini ya boti kwa mawimbi ya sauti), mshipi unakwenda nalo. Nyuma ya kibanio, kibati cha kung'aa kinachoyumba, na sentimita 30 hadi 45 nyuma yake pweza mdogo wa plastiki wa waridi au wa chungwa, ndoano mbili. Kwenye kila ndoano punje moja ya mahindi meupe ya kopo, niliyoyalaza usiku kwenye mafuta ya jodari na kitunguu saumu. Kwa nini mahindi? Kila mtu hapa ana nadharia yake, na kila mtu ana kopo.

Mwendo ni wa kobe, kilomita mbili hadi mbili na nusu kwa saa. Usiende moja kwa moja, piga kona pana kushoto na kulia. Ukikata kona, ufito wa nje unaongeza kasi na wa ndani unapunguza. Ukiona unagongwa sana wa nje, ongeza mwendo wa boti. Ukigongwa wa ndani, punguza. Hiyo peke yake inanipa samaki wengi kuliko kubadilisha rangi.

Akiuma utaona hivi: ufito ulikuwa umekunjwa na uzito wa tufe, ghafla unafyatuka unanyooka kama hakuna kitu, kisha ncha inaanza kutetemeka haraka haraka. Usimvute kwa nguvu! Mdomo wa kokani ni karatasi. Zungusha rili tu mpaka umhisi, breki iwe legevu, mwache arukeruke. Akifika pembeni ya boti ndipo anapopagawa, anajizungusha, na wengi huchanika hapo hapo. Wavu wa kuopolea uwe na mpini mrefu na awe nao mtu mwenye akili timamu, si yule anayerekodi video.

Leseni: Colorado inahitajika kuanzia miaka 16. Ya mwaka, angalia tarehe zake za kuanza na kuisha unapoinunua. Wenye miaka 18 hadi 64 wanaongeza stempu ya makazi ya wanyamapori, na ukitaka kutumia fito mbili kuna stempu yake. Idadi ya samaki unaoruhusiwa hubadilika, soma kijitabu cha mwaka husika, si cha rafiki yako.

Don Sato

Mkuu saa nne za barabara, leseni, stempu, winchi, sona, mafuta ya boti, halafu samaki mwenyewe sentimita 40? Dukani samoni kalala kwenye barafu ananisubiri. Napita tu.

Mshipi Mrefu

Pita salama bosi. Ila yule wa dukani huwezi kumwonyesha mwanao alikotoka.

Binti Kirumba

Asante kwa uzi kaka. Mimi niko Aurora, boti sina na sitanunua leo wala kesho. Kuna chochote cha mtu wa ufukweni?

Mshipi Mrefu

Kipo dada, ila si kokani. Yeye ni wa katikati ya bwawa. Wewe njoo barafu inapoyeyuka, mwisho wa Aprili na Mei. Trauti wa upinde wa mvua na wa kahawia wanakuja ukingoni maji yanapoanza kupata joto, hasa upande wa Iola na kwenye vihori ambako vijito vinaingia. Rusha kijiko cha chuma chenye rangi ya dhahabu, au tundika nyungunyungu chini ya boya. Perchi nao wako karibu na mwamba, ni wadogo lakini minofu yake mitamu ajabu. Na majira ya baridi bwawa linaganda, watu wanatembea juu yake na kutoboa matundu. Gunnison ni miongoni mwa miji yenye baridi kali kuliko yote Marekani nje ya Alaska, kwa hiyo buti za mtumba uziache nyumbani.

Kijana wa Kinangop

Wadau, hii ya kuuma kwa hasira nimeipenda. Sisi huku Aberdare, Kenya, trauti tunawavua kwa nzi bandia mitoni, waliletwa na Waingereza wakati wa ukoloni na mpaka leo Kiganjo kuna kituo cha kuzalisha vifaranga. Lakini trauti wetu amezoea mto, anataga mwenyewe. Huyu kokani akiwa ndani ya bwawa lenye ukuta anataga wapi? Ama serikali inamwaga wengine kila mwaka?

Mshipi Mrefu

Umegusa penyewe. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko hata kuvua.

Juu ya mji wa Gunnison, ukielekea Crested Butte, kuna kituo kinaitwa Roaring Judy, kiko kando ya mto East. Ni cha idara ya wanyamapori ya jimbo. Vuli inapoingia, kokani waliokomaa wanaondoka bwawani, wanapanda mto Gunnison, wanapita mjini kabisa, wanafika Almont mahali mto East na mto Taylor vinapokutana, na hapo wanachagua East. Hawakosei. Wanaingia mpaka kwenye mfereji wa kituo kile kile walichotolewa wakiwa na urefu wa kidole. Wakiwa wadogo wamekariri harufu ya maji yale, na miaka mitatu baadaye harufu hiyo inawarudisha.

Wafanyakazi wanawakamua: jike anashikwa mkia, anapitishwa kiganja tumboni, mayai ya rangi ya chungwa yanamwagika kwenye beseni, wanachanganya na mbegu za dume, wanaongeza maji. Mayai yanaanguliwa kituoni majira ya baridi. Masika yakifika vifaranga wanafunguliwa mtoni, kwa kawaida milioni kadhaa, na wanafunguliwa usiku. Usiku kwa sababu trauti wa kahawia wamejipanga njiani, na gizani vifaranga wengi zaidi wanapita. Wanateremka na mkondo mpaka bwawani.

Na mayai hayo si ya Blue Mesa peke yake. Mabwawa mengine mengi ya Colorado yanapata kokani kutokana na mayai yanayokamuliwa hapo. Likiyumba Blue Mesa, jimbo zima linayumba.

Kingine, kwa sababu samaki anayekamuliwa anakufa tu, nyama haitupwi. Hugawiwa bure kwa watu wenye leseni ya kuvulia. Unasimama foleni na ndoo yako.

Don Sato

Nimerudi. Rudia hapo kwenye bure.

Kavumu Mwambao

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa Kivu, kwa sasa niko Denver. Habari hii naijua kwa njia yetu. Ziwa Kivu halikuwa na samaki wa katikati ya maji, planktoni (vijidudu vinavyoelea majini) ilikuwa imejaa na hakuna wa kuila. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakatoa samaki mdogo Ziwa Tanganyika wakamleta Kivu. Huyo ndiye sambaza tunayekula Bukavu, Goma, Gisenyi, Cyangugu. Wavuvi wanatoka jioni, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawaka, wanaimba, sambaza wanafuata mwanga. Miaka ya 1960 samaki huyo huyo akapelekwa bwawa la Kariba, nako akashika.

Kokani nikimtazama naona kazi ni ile ile: binadamu ametengeneza maji mapya au amekuta maji yana nafasi, anaweka samaki wa kuchuja planktoni. Tofauti ni kwamba sambaza alijizalia mwenyewe. Hakuna mtu anayemkamua mayai.

Mshipi Mrefu

Kavumu, asante sana ndugu yangu. Na kuna tofauti ya pili: Kivu hamkuweka mla sambaza. Hapa waliweka.

Mwana Ukerewe

Nilikuwa nasoma kimya kimya nikisubiri mtu alitaje hilo. Haya, huyo trauti wa ziwa ni nani na nani alimleta? Maana sisi tuna stori yetu ya sangara na hatuhitaji kusimuliwa.

Mshipi Mrefu

Jimbo lenyewe ndilo lilimpandikiza, miongo kadhaa iliyopita, kwa sababu wavuvi walitaka samaki mkubwa wa kujipigia picha. Mkubwa kweli walimpata. Rekodi ya jimbo iliwekwa Blue Mesa 2007, trauti wa ziwa wa karibu kilo 23. Mei 2023 akavuliwa mwingine hapo hapo, urefu sentimita 119, uzito kama kilo 33, wakamwachia akiwa hai, kwa hiyo hakuingia kwenye vitabu.

Swali ni alikula nini mpaka akafika hapo. Alikula kokani. Trauti wa ziwa anaishi miaka zaidi ya 20, anataga mwenyewe juu ya mawe humo bwawani bila msaada wa mtu, na wanaoongezeka si hao majitu bali wa kati, sentimita 40 hadi 60, maelfu kwa maelfu. Kila mmoja ana mdomo. Kokani anafugwa kituoni kwa fedha za leseni zetu, anafunguliwa usiku kwa huruma, anafika bwawani anakuta geti limefunguliwa. Ni kufuga kuku na kicheche banda moja, halafu unashangaa mayai yamepungua.

Kokani walipopungua, idara ikaanza kuwatega trauti wa ziwa kwa nyavu. Wavuvi wa majitu wakawaka. Baadaye wakaja na njia nyingine: mashindano ya kuvua trauti wa ziwa wadogo, chini ya inchi 24, yaani sentimita 61, kila kichwa unachokabidhi unalipwa dola 20.

Msimamo wangu niuseme wazi. Ukivua Blue Mesa na ukapata trauti wa ziwa wa sentimita 50, mle. Usimrudishe. Hii tabia ya kurudisha kila samaki majini na kujiona mstaarabu ina mahali pake, hapa si mahali pake.

Kamba Nene

Mshipi nakuheshimu lakini hapa unapotosha watu. Mimi navua trauti wa ziwa Blue Mesa, majira ya baridi kwenye barafu, chambo cha mpira cheupe na kipande cha nyama ya samaki, mita 20 hadi 30 chini. Samaki wa kilo 15 amechukua miongo kufika hapo. Ukimuua umemaliza kitu ambacho mwanao hatakiona. Halafu kulaumu trauti peke yake ni rahisi mno. Maji je? Mwaka 2021 walifungua maji ya dharura kutoka Blue Mesa kuokoa Ziwa Powell, bwawa kubwa lililo chini zaidi mtoni, Blue Mesa ikashuka mpaka gati ya Elk Creek ikafungwa kabla ya msimu kuisha. Bwawa likishuka, kila kiumbe kinabanana. Hilo nalo ni kosa la trauti?

Mshipi Mrefu

Mkuu, soma tena. Sijasema ua jitu la kilo 15. Nimesema wa sentimita 50. Hao wa kati ndio wengi na ndio wanaokula kokani wa rika zote. Tena wakipunguzwa, hata majitu yako yatanufaika, maana chakula ni kile kile wanagombania. Wewe na mimi tunahitaji kokani wawe wengi. Wewe unawahitaji kama chakula cha samaki wako, mimi kama chakula changu.

Kuhusu maji uko sahihi, na ukame hauna uzi humu wa kuumaliza.

Kamba Nene

Hapo kwenye majitu kunufaika nakubali nusu. Nyavu bado sizipendi. Wavu hauulizi umri.

Mwana Ukerewe

Kamba Nene, wavu hauulizi umri lakini ndoano inauliza? Haya maneno ya wavuvi wa starehe. Kwetu Ziwa Victoria sangara aliwekwa miaka ya 1950 na 60, miaka ya 80 akalipuka, furu (samaki wadogo wa ziwa hilo) mamia ya aina wakapotea, wengine kabla hawajapewa majina. Lakini niongeze upande wa pili: viwanda vya minofu Mwanza, Musoma na Kisumu vilijengwa juu ya mgongo wa sangara huyo huyo, na watu wamesomesha watoto. Muulize mvuvi wa Ukerewe kama anataka sangara aondoke, utajibiwa vibaya. Huko kwenu mnagombania burudani, kwa hiyo amueni haraka, hakuna anayelala njaa.

Mshipi Mrefu

Sina la kujibu hapo. Umesema kweli.

Nahodha Mstaafu

Vijana, mmeongea samaki kurasa nzima hakuna aliyetaja upepo. Mimi nimeendesha vyombo Pangani na Tanga miaka mingi, nikaja kumtembelea binti yangu, mkwe akanipeleka bwawa hilo. Asubuhi maji yametulia unaona sura yako. Ilipokaribia adhuhuri upepo ukashuka kutoka magharibi, na bonde lile limekaa mashariki-magharibi, basi unakimbia urefu wote wa bwawa bila kizuizi. Mawimbi yake ni mafupi na ya karibu karibu, hayafanani na ya baharini ambayo unayapanda na kuyashuka. Yanaingia botini.

Na maji yale ni baridi. Mtu akitumbukia Mei au Juni, kabla hajafikiria kuogelea pumzi imeshakatika, mikono inakataa kushika. Jaketi la kuokolea livaliwe mwilini toka gatini. Lililowekwa chini ya kiti ni la samaki. Mkwe wangu alicheka. Nilimwambia ageuze boti, akageuza.

Mshipi Mrefu

Shikamoo mzee. Umenisaidia kusema. Wenzangu, saa tano asubuhi muwe mnarudi. Kokani wenyewe saa hiyo wameshashuka na hasira imewaisha.

Nyongeza kwa wenye boti: kabla ya kuingia majini inakaguliwa, ni lazima, kwenye gati za Elk Creek, Lake Fork na Iola. Wanatafuta kome vamizi wanaojibandika kwenye injini na kuziba mabomba ya maji. Fika boti ikiwa imekauka, maji yote yametolewa, utamaliza haraka. Eneo lote ni la mamlaka ya hifadhi za taifa, kwa hiyo boti ina kibali chake pia, mbali na leseni ya samaki.

Kijana wa Kinangop

Na kuhusu wale wanaonasa kokani na ndoano tupu wakati wa vuli? Nimeona video, mtu anarusha ndoano kubwa yenye pembe tatu anaivuta kwa nguvu inamchoma samaki mgongoni. Kwetu ukionekana hivyo unakamatwa.

Mshipi Mrefu

Colorado inaruhusiwa kwenye baadhi ya maji tu, na kwa kokani peke yake, msimu wa vuli. Hoja yao ni kwamba samaki anakufa hata hivyo na hataki tena chambo. Sikatai hoja. Mimi binafsi sifanyi, na njia wanayopandia kwenda Roaring Judy ina masharti yake makali kwa sababu kila jike anayenaswa huko ni beseni la mayai limepotea. Soma masharti ya maji unayokwenda, si ya jirani.

Mama Chungu Kimoja

Samahani wanaume wa nyavu na ndoano, mbona hakuna anayesema samaki anapikwaje? Mume wangu analeta hao kokani, nimewapika kila namna, acha nieleze.

Kwanza kazi yenu, si yangu: akitoka majini kata matamvua atoke damu, mtie kwenye barafu saa ile ile. Nyama yake ina mafuta na ni laini. Ukimwacha kwenye ndoo ya maji ya jua mpaka mchana inakuwa uji, usiniletee.

Kukaanga kama sato hapendezi, anamomonyoka. Mimi nampasua mgongoni, nampaka chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, namchoma juu ya moto mdogo upande wa ngozi chini, huku namwagia tui zito lililopikwa na bizari na pilipili mbichi. Wa kupaka kabisa. Nyama ile nyekundu na tui la manjano, weka wali pembeni. Wa vuli aliyegeuka mwekundu nje, ndani nyama imepauka na ladha imepungua, huyo namkausha kwa moshi.

Trauti wa ziwa wa wastani ana mafuta mengi, mchuzi wake mzuri, mtoe mafuta ya tumboni. Mkubwa sana sipiki. Samaki mzee anayekula samaki wenzake anakusanya zebaki mwilini, na nina watoto wadogo.

Halafu mkienda kupiga kambi huko msibebe maharage makavu. Kwenye mwinuko ule maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, nyuzi 92 hivi. Tulikaa na sufuria mpaka kuni zikaisha.

Binti Kirumba

Mama Chungu, hiyo ya kupaka nimeihifadhi. Asante.

Mshipi, swali la mwisho. Hayo mashindano ya trauti wa ziwa, hiyo dola 20 ni ya kichwa tu? Mwili unabaki nao?

Mshipi Mrefu

Kichwa tu dada. Mwili wako. Angalia kama mwaka huu yapo kabla hujafunga safari, hayana uhakika wa kila mwaka.

Don Sato

Yaani niwape kichwa? Kichwa ndicho mchuzi wenyewe!

Mwana Ukerewe

Dola 20 Don. Nunua vichwa vya sangara gunia zima.

Don Sato

Gunia linatoka Mwanza, mimi niko Colorado. Mshipi, Jumamosi una nafasi botini? Nakuja na barafu na mahindi. Kichwa kimoja nitaficha.